Wageni wa Bi Nakiete

Kule milima ya Usambara, penye baridi ya kuuma masikio, wanafunzi walikohoa kutwa na hospitali ilikuwa mbali. Muuguzi mstaafu, Mama Hiza, alikuwa tayari kuwatibu bure, na wazazi waliahidi vitanda na mablanketi. Kilichokosekana ni mahali pa kuwatibia. Nyumba tupu ya Bwana Shekimweri ilikuwa pale pale langoni mwa shule, lakini mwenyewe alitaka kodi ambayo kijiji kizima kisingeiweza.

Bi Nakiete, msusi mwenye ulimi mtamu, alisubiri hadi Shekimweri alipoitisha mkutano kuomba kura za udiwani.

"Bwana mkubwa," alisema mbele ya watu wote, "habari za kodi tumeziacha. Mimi nina wageni wangu tu wanakuja. Naomba wapumzike kwenye nyumba yako mpaka wa mwisho aondoke."

"Wageni tu?" Shekimweri alicheka. "Wakae! Mimi sijawahi kumfukuza mgeni wa mtu. Hilo ni neno langu, nyote mmesikia!"

Watu walishangilia, na ufunguo ukatolewa.

Kesho yake Shekimweri alikuta vitanda vimepangwa, Mama Hiza anapima homa, na wanafunzi wamejaa hadi barazani.

"Nakiete! Wageni gani hawa?"

"Ndio hao, bwana mkubwa. Huyu anaumwa kifua, yule jino. Kila anayepona anaondoka zake."

"Na huyo wa mwisho ataondoka lini?"

Bi Nakiete alijikuna kichwa. "Wa mwisho? Huyo nadhani hata mama yake hajazaliwa."