Jina Refu la Jemedari wa Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jiwe, juu ya jiwe mchezo, kando ya mchezo mlafi.

Basi sogeeni, na aliyekuja na usingizi wake ampishe mwenziwe.

Hapo kale ukame uliingia porini, ukabaki mkuyu mmoja tu wenye matunda. Nyani akasema ni wake. Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, alikuwa na watoto wanne wenye njaa. Akasema, "Tuucheze." Mchezo wenyewe ni vita vya Roma ya kale: miji imechorwa kwa mkaa juu ya jiwe, majeshi ni kokoto. Jua likifika utosini, mwenye miji mingi ndiye mwenye mkuyu. Kobe akawa mwamuzi, na sharti likawa moja: kila kitu kiwe kama kilivyokuwa Roma, kuanzia majina ya majemedari.

"Jemedari wangu ni Gayo Sempronio Kichogo," akasema Pimbi.

"Wangu ni Mfalme Nyani."

Kobe akatikisa kichwa. "Roma ile ilishafukuza wafalme. Futa."

Nyani akafuta, akaandika Marko Kornelio. Akalitazama lake, akalitazama la Pimbi. Lake maneno mawili, la mwenziwe matatu. Roho ikamuuma kweli kweli.

"Nataka refu kuliko lako."

Moyo wa Pimbi ukadunda, du, du, du, lakini uso akaukunja kama anayenyang'anywa. "Njia ipo, ila sipendi kukwambia. Mrumi akikubali kuwa mwana wa mtu mwingine, huchukua jina lote la baba mpya, kisha la ukoo wake wa zamani hulining'iniza nyuma. Jemedari wako akiwa mwana wa wangu, ataitwa Gayo Sempronio Kichogo Korneliano."

Nyani akahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne. "Awe mwana. Awe sasa hivi."

Kobe akashuhudia.

Mchezo ukaanza. Nyani akasogeza kokoto, ko! Mji ukaanguka. Akasogeza tena, ko! Mwingine ukaanguka. Ko, ko, ko, mpaka Pimbi akabaki na kijiji kimoja, na watoto wake wakaanza kulia. Jua likafika utosini. Nyani akajipangusa matako, akaelekea mkuyuni.

"Mwamuzi," Pimbi akauliza kwa upole, "kule Roma, mwana akiteka mji, mji ni wa nani?"

Kobe akawaza. "Wa baba. Mwana hana mali yake maadamu baba yu hai."

"Jemedari wangu yu hai. Huyu hapa kijijini kwake, anaota jua."

Wanyama wakaangua kicheko. Nyani akahesabu miji, akahesabu majina, akakaa chini, pu! "Sasa mimi nitakula nini?"

Pimbi alikwishafika tawini na watoto wake. "Salimia kwanza, mwanangu."

Njaa haina miko. Nyani akameza mate.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kuyu moja likaanguka, tena bichi.

Ngano yangu naitua hapa: ikiwa tamu ondokeni nayo, ikiwa chungu mpelekeeni Nyani. Na funzo lake, watoto, ni hili: majina ya watu wa kale hayana faida yoyote, msijisumbue kuyasoma.