Siku Tatu za Kugombea Bwawa

Mwaka ule mvua haikuja, wala haikutuma salamu. Majani yalikauka, miiba ikakauka, mito mitatu ya mbuga ikawa njia tatu za vumbi. Lilibaki bwawa moja tu, chini ya majabali ya Simba, nalo lilipungua kila siku kwa upana wa kwato moja.

Watu wa mbuga walikunywa kwa zamu, na zamu ilifuata ukubwa. Tembo akimaliza, Nyati aliingia. Nyati akimaliza, Ngiri alioga kwanza ndipo akanywa. Sungura alipofika na mkewe na watoto wao saba, alikuta matope. Kwa siku kumi na mbili familia ile ilikuwa ikilamba matope. Mtoto wa mwisho alikuwa hawezi tena kusimamisha masikio.

"Baba watoto," Bi Sungura akasema, "mbuga nzima inakuita mjanja. Ujanja wako hauna maji?"

Sungura akainama, akalamba matope yake.

Siku hiyohiyo Nyati na Ngiri walipigana bwawani, wakayavuruga hata maji yaliyobaki. Simba akatoka pangoni kuamua. Simba alikuwa na kiburi cha aina ya pekee: aliposema na watu aliinua kidevu na kutazama juu, kwa sababu hakuamini kwamba huku chini kuna kitu cha kutazamwa.

"Bwawa litapata mlinzi mmoja," akatangaza, akitazama mahali ambapo mawingu yangekuwa kama yangekuwepo. "Yeye ndiye atakayepanga zamu mpaka mvua irudi. Atapatikana kwa mashindano ya siku tatu, mpanda na mnyama wake. Siku ya kwanza ni ya adabu: mnyama atatembea mbele yangu, atazunguka, atasimama, atanisalimu, na mpanda hatatoa sauti. Siku ya pili ni ya nyika: magogo, makorongo na miiba, kwenda na kurudi kabla kivuli cha mgunga ule hakijagusa jabali hili. Siku ya tatu ni ya fito: mtaruka fito kumi zilizolazwa juu ya mawe, na ufito usianguke. Kila kosa ni jiwe moja kwenye kibuyu chako. Mwenye mawe machache ndiye mshindi."

"Na mnyama ni yuleyule siku zote tatu," akaongeza Kobe, aliyepewa kazi ya ukaguzi. "Kila asubuhi nitamtazama miguu. Anayechechemea anarudi nyumbani."

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Farasi. Farasi alikuwa mgeni mbugani. Alitoka kwenye shamba la binadamu baada ya kisima chao kukauka, na bado aliamka saa ileile, akajikung'uta vumbi, akasimama wima kama mtu anayengoja kuitwa. Kwa kuwa mgeni, zamu yake ya kunywa ilikuwa baada ya Sungura.

"Bwana Farasi, unaweza kuruka?"

"Naweza."

"Unaweza kukimbia nyika?"

"Naweza. Wewe unaweza kunyamaza?"

Sungura akafikiri. "Hilo nitajaribu."

Siku ya adabu ikafika. Waliojitokeza ni watatu: Nyani juu ya Nyumbu, Fisi juu ya Punda Milia, na Sungura juu ya Farasi.

"Shikamoo, mjomba Fisi," Sungura akaamkia.

"Marahaba, Masikio. Umekuja kushindana au kuangalia? Nikishinda mimi, nyinyi wadogo mtakunywa siku ya Ijumaa."

"Ijumaa ipi, mjomba?"

"Ile itakayonyesha mvua."

Nyani alitangulia. Nyumbu wake alitembea hatua sita nzuri sana, kisha akaona nyumbu wenzake wakipita kwa mbali, akawafuata. Nyani alionekana akipunga mkono mpaka vumbi lilipomfunika. Simba akangoja kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Anayefuata."

Fisi akaingia. Punda Milia wake alitembea kama bibi harusi, polepole, shingo imepinda, kila kwato ikiomba ruhusa kabla ya kukanyaga. Juu yake Fisi alikuwa kimya kabisa, kwa kuwa alikuwa na mfupa mdomoni. Simba aliliona jambo hilo kuwa la kiungwana. Punda Milia alipiga mkia mara moja kufukuza nzi, akapata jiwe moja. Wakati anatoka, Sungura aliona kwamba mlia mmoja kwenye paja lake la kushoto uligawanyika njia panda. Sungura ana macho pembeni mwa kichwa. Huona hata asichokitafuta.

Zamu yake ikafika. Farasi akaingia uwanjani, na vumbi lenyewe likatulia. Alikwenda, akageuka, akaenda. Alisimama, akainama, akasimama. Hapakuwa na mguu uliochelewa wala uliowahi. Sungura mgongoni alijisikia kama anabebwa na wimbo, akashindwa kujizuia.

"Vizuri!" akanong'ona.

Jiwe likaanguka kibuyuni.

"Samahani," akasema Sungura.

Jiwe la pili likaanguka.

"Lakini si nimeomba samahani?"

Likaanguka la tatu. Farasi akasalimu na kutoka bila kugeuza kichwa. Walipofika nje akasema, "Mimi sikufanya kosa hata moja. Nakuambia tu, ili ujue mawe ni ya nani."

Asubuhi ya pili Kobe alikagua. Kobe ni mtu makini, lakini kimo chake ni kimo chake: huona kwato, huona vifundo, akijinyoosha sana huona magoti. Yaliyo juu ya magoti huwaachia wengine. Akamwambia Punda Milia atembee na kurudi, akatazama kwato nne, akasema, "Nzima." Wala hakudanganya. Lakini Sungura alitazama paja la kushoto, na mlia ulikuwa umenyooka.

"Yule si yule," akamwambia Farasi.

"Basi sema."

"Nikisema mimi? Mwaka jana nilimkodisha Nyati kivuli cha mti usio wangu. Nikisema leo kuna jua, watu watawasha taa."

"Kama huwezi kusema," akajibu Farasi, "panda."

Wakaenda nyika. Gogo, wakaruka, korongo, wakaruka, miiba, wakaruka. Kwato zilipiga ardhi tatu-tatu, kama ngoma isiyo na mpigaji, na Sungura akawa amenyamaza, si kwa adabu bali kwa woga. Kwenye mto mkavu aliona njia ya mkato kati ya vichuguu viwili.

"Pita hapa! Tutaokoa nusu ya kivuli."

"Njia yetu imepita kule."

"Hakuna anayetuona!"

"Mimi najiona," akasema Farasi, akazunguka kulekule.

Kwenye gogo la mwisho Farasi aligonga goti. Hakulalamika, alipunguza mwendo tu. Walifika wakati kivuli cha mgunga kimeshagusa jabali kwa upana wa ukucha. Jiwe moja. Fisi alikuwa ameshafika zamani, ameketi. Punda Milia wake alikuwa mpana wa kifua na mzito wa mapaja, na alihema kidogo tu. Sungura sasa alikuwa na mawe manne, na Fisi moja.

Jua likiwa bado juu, goti la Farasi likaanza kuvimba. Anayechechemea anarudi nyumbani. Sungura alizunguka goti lile mara tatu, akakimbia mpaka bwawani. Palikuwa na matope kidogo ya zamu ya familia yake, na mkewe alikuwa ameshaanza kuyakusanya kwenye jani.

"Mama watoto, nipe hayo."

"Na hawa saba watalamba nini leo?"

"Leo hawatalamba kitu. Farasi akichechemea kesho, hawatalamba kitu kesho pia."

Bi Sungura aliwatazama watoto, akalitazama jani, akampa. Sungura akarudi mbio kwa Farasi. Akalipaka goti lote matope ya baridi, akaketi hapo akilipepea kwa masikio mpaka mikono ya jua ilipoachia mbuga.

Asubuhi ya tatu Kobe akalitazama goti. Akasema, "Tembea." Farasi akatembea. "Rudi." Akarudi. "Kwa mwendo wa mbio kidogo." Sungura alikuwa akihesabu kwato: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Hazikupungua. Kobe akatafakari muda ambao Kobe hutafakari.

"Mzima," akasema.

Kisha akakagua kwato za Punda Milia, ambaye leo alikuwa na miguu mirefu na milia myembamba mithili ya nyuzi. "Nzima," akasema Kobe. Na Sungura akageuza jicho moja upande wa vichaka vya nyuma, akaona mikia miwili ikifukuza nzi.

Siku ya fito haikuwa na maneno mengi. Farasi aliruka fito tisa safi. Ufito wa kumi aliugusa kwa kwato ya nyuma, ukatikisika, ukatikisika, ukakaa. Mawe yakabaki manne. Punda Milia wa Fisi aliruka zote kumi kana kwamba ardhi ilikuwa inamtekenya. Fisi akabaki na jiwe moja.

"Mlinzi wa bwawa ni Fisi," Simba akaliambia anga.

Fisi akacheka kicheko chake kirefu. "Asante, Bwana Mkubwa. Naanza kazi sasa hivi. Zamu ya kwanza, Fisi. Zamu ya pili, ndugu zake Fisi. Zamu ya tatu tutaona kama kuna haja ya zamu ya tatu."

Tembo akaguna. Nyati akatazama chini. Nyuma kabisa, Bi Sungura akawakusanya watoto wake saba wakaribiane.

Sungura alikuwa amesimama karibu na goti la Farasi, akijiuliza jambo moja: Fisi aliwaahidi nini wale wa vichakani? Katika ukame ule palikuwa na ahadi moja tu ya kumpa mtu. Na kwa tabia ya Fisi, ahadi moja aliigawa kwa kila mmoja nzima nzima.

Akapanda juu ya jiwe.

"Bwana Mkubwa, nimeshindwa na nimekubali. Naomba kitu kimoja tu. Mpanda ametuzwa, lakini aliyetembea, aliyekimbia na aliyeruka ni mnyama. Mbona hajapewa hata tone? Punda Milia aliyeshinda aje anywe maji! Aje anywe wa kwanza, mbele yetu sote!" Maneno ya mwisho aliyasema kwa sauti kubwa kidogo, akielekeza uso kwenye vichaka.

"Hakuna haja," akasema Fisi haraka. "Hana kiu."

"Ni ombi la kiungwana," akasema Simba. "Kibuyu cha maji kiletwe. Punda Milia aliyeshinda na aje."

Punda Milia mwembamba wa fito akapiga hatua mbele. Vichaka vikafunguka, akatoka mpana wa nyika, anakimbia. Nyuma yake akatoka wa adabu, anatembea kama bibi harusi, lakini bibi harusi aliyechelewa.

"Mshindi ni mimi," akasema wa adabu. "Nani alimsalimu Bwana Mkubwa siku ya kwanza?"

"Na nani alivuka makorongo?" akasema wa nyika. "Fisi aliniambia nitakunywa peke yangu."

"Aliniambia mimi nitakunywa peke yangu!"

"Na mimi," akasema wa fito.

Fisi akalamba midomo. "Ni dada zake, Bwana Mkubwa. Wamekuja kumpongeza. Ukoo wenye upendo sana."

Kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, Simba alishusha kidevu. Akatazama milia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamgeukia Kobe.

"Ulikagua nini?"

"Miguu," akasema Kobe. "Yote ilikuwa mizima. Kwa siku tatu nimekagua miguu kumi na miwili, na hakuna uliochechemea."

"Wewe," Simba akamwambia wa fito, "nisalimu kama nilivyosalimiwa siku ya kwanza."

"Kusalimu sijui, Bwana Mkubwa. Mimi hujua kuruka tu." Na ili asionekane mwongo, akakimbia, akaruka juu ya kichwa cha Simba, akatua upande wa pili. Hakugusa hata unywele mmoja wa manyoya ya shingo.

Simba akatafuta mahali pa kuliweka jambo lile ndani ya heshima yake, akapakosa, akaamua kwamba halikutokea.

"Kibuyu cha mawe cha Fisi kitupwe," akasema. "Mlinzi wa bwawa ni Sungura. Na hawa dada watatu wamalizane na mwajiri wao."

Fisi aligeuka kukimbia, lakini aliwakuta wamejipanga. Wa kwanza alimpiga teke kwa adabu. Wa pili alimpiga kwa nguvu zote. Wa tatu alimpiga bila kukosea.

Jioni hiyo zamu zilipangwa upya. Wadogo walitangulia, kwa sababu wadogo hunywa kidogo na hawavurugi, kisha wagonjwa na wageni, kisha wakubwa, na Ngiri akaruhusiwa kuoga baada ya wote. Punda milia watatu waliwekwa mkiani, na Fisi nyuma ya mikia yao. Farasi alisimama kando mpaka alipoitwa jina, ndipo akanywa, taratibu, kichwa chini. Watoto saba walikunywa hadi matumbo yakawa kama ngoma.

Fisi alipokwisha kunywa, akichechemea miguu yote minne, aliambiwa na Kobe arudi nyumbani. Wazee wa mbuga walimtazama akiondoka, wakasema: njia ya mwongo ni fupi.