Jina la Mtoto wa Syombua

Sogeeni, na aliye na kitu mdomoni ameze, maana hadithi hii ni ya midomo.

Huko Ukambani paliishi dada watatu boma moja: Mutheu mwenye macho, Kalekye mwenye miguu, na Ndinda asiyejua woga. Hapana, hapo nimewadanganya. Ndinda aliogopa sana, mtaona.

Mwaka wa ukame, wifi yao Syombua, mke wa kaka yao, alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi moja alitema mate, yakawa damu tupu. Fizi zilimvimba, jino likacheza, likang'oka lenyewe. Mama mkwe akapiga ukelele: "Amekula kiapo cha uongo! Atakayeshiriki chombo naye atakufa!" Boma zima likamkimbia. Hata mimi ningekimbia, msinicheke.

Mutheu akabaki, akatazama. Tangu mwezi wa tano walikula mahindi makavu ya kuchemsha, bila mboga wala tunda. Lakini wachungaji waliomumunya ubuyu malishoni, fizi zao zilikuwa nzima. "Si kiapo," akasema. "Ni chungu chetu, ni chakula hiki kisicho na tunda. Yeye anakula kwa ajili ya wawili, ndiyo maana ameanza yeye."

Ubuyu ulikuwa umebaki ng'ambo ya korongo tu, na huko chui alikuwa amemla mtu juzi. Kalekye akaenda peke yake. Njia nzima alisikia kitu kikimfuata majanini, asithubutu kugeuka. Alirudi na kiondo kimejaa, kanga imechanika mgongoni.

Syombua akakataa. "Wifi zangu, niacheni nife peke yangu."

Ndinda alikuwa na kichanga anayenyonya. Alikoroga ubuyu kwenye uji uliopoa, akanywa yeye kwanza kwa kata ileile ya Syombua, amefumba macho kwa hofu, mama mkwe akilia mlangoni. "Sasa kunywa," akasema. "Kama ni kufa, tufe sote." Syombua akanywa.

Wiki mbili hazikwisha, damu ikakoma. Akazaliwa msichana, analia kwa nguvu. Kwa desturi angepewa jina la nyanya yake, yule mama mkwe, lakini nyanya akainamisha kichwa: "Langu msimpe. Nusura nimuue mamake kwa mdomo wangu. Mpeni la aliyemwokoa."

Leo ni siku ya tatu tangu azaliwe, siku ya kupewa jina, na jua linazama. Jina ni moja, wifi ni watatu, na Syombua anawatazama huku machozi yakimtoka. Wanasema mtoto asiyeitwa na walio hai kabla ya giza, huitwa na wafu.

Haya, upesi! Wewe ungemwita nani?