Injini ya Bwana Shekue

Bi Sikudhani alinunua gari kuukuu kwa Bwana Shekue, tajiri wa Korogwe, akalikwangua kutu kwa msasa uani kwake mwaka mzima. Siku lilipowaka, Shekue alifika na mjumbe wa mtaa.

"Nilikuuzia bodi tu. Injini niliyokuachia ni yangu!"

Bi Sikudhani akashika kichwa. "Chukua chochote, Bwana Shekue, injini niachie!"

"Nataka injini yangu, na sitadai kingine."

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia."

Bi Sikudhani akafungua banda la kuku. Humo tetea alikuwa ameatamia mayai juu ya chuma kilichooza.

"Uliyoniachia ndiyo hii. Inayonguruma nje niliinunua mnadani. Ibebe, baba, mwaka mzima nimetafuta mtu wa kuniondolea."