Mashine Iliyovishwa Nguo

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake ni kwamba msaada usiofika mkononi kwa wakati ni sawa na msaada usiokuwapo. Nyoka yuko miguuni pako, fimbo iko kwa jirani. Utaumwa huku unaisifia fimbo. Lakini wengi wetu hudhani umbali ni habari ya safari tu. Fundi cherehani mmoja alikuja kutambua, tena kwa uchungu, kwamba kitu kinaweza kuwa nyuma ya ukuta, ukakishika kwa mikono yako miwili, na bado kikawa mbali kuliko mwezi.

Fundi huyo alikuwa mgane. Mkewe alimwachia binti mmoja tu, naye alimlea kama mboni ya jicho. Cherehani yake ilikaa barazani, ikitazamana na lango la kituo cha afya, kwa hiyo aliwaona wote walioingia kwa miguu yao na waliotoka wamebebwa. Binti alipokua aliolewa na utingo wa malori ya masafa marefu. Aliposhika mimba ya kwanza, akarudi kwa baba yake asikae peke yake kama mlinzi wa ghala.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano wakati gari lilipoleta mashine ya altrasaundi, ile inayomwonyesha mtoto angali tumboni. Watu walifurahi kama waliopata mvua baada ya kiangazi. Furaha hiyo haikufika jioni. Mkuu wa kituo, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Subiri Kidogo kwa kuwa maneno hayo ndiyo yaliyokuwa salamu yake, alitangaza kwamba mashine haiguswi mpaka mheshimiwa aje kuizindua. Ufunguo wa chumba akautia mfukoni. Na ili mashine isile vumbi, akamwita fundi aishonee nguo.

Fundi aliipima mabega na kiuno kama apimavyo bibi harusi. Akaishonea vazi la kitambaa laini cha buluu, na mbele akalitia utepe mwekundu wa kukatwa na mheshimiwa. Kilibaki kipande. Subiri Kidogo akamwambia akichukue, naye akakipinda kingo vizuri kikawa shuka ya mtoto. Kitambaa hakitupwi mjukuu akiwa njiani.

Katika kituo kile alikuwapo mkunga mmoja, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Alikuwa amepelekwa kusomea mashine hiyo, akarudi anaijua, kisha akaiona ikifungiwa mlango. Akaendelea kupima matumbo kwa futi ya kitambaa aliyopewa na fundi, maana ile ya kituo ilikuwa imefutika namba. Alipenda kumtania fundi.

"Mimi na wewe kazi yetu moja," alimwambia siku moja. "Tofauti ni kwamba wako nguo ikimbana anarudi kukutukana. Wangu nikikosea, harudi."

Wakacheka. Kicheko hicho fundi alikikumbuka baadaye kikamchoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, mkunga hakutania tena. Alipima tumbo la binti, akapima tena, kisha akamwita fundi kando. Alimweleza kwamba tumbo liko nyuma ya miezi yake. Huenda si kitu, na huenda ni kitu. Futi haioni ndani, mashine inaona. Alikuwa ameomba ufunguo, akaambiwa asubiri kidogo. Kwenda hospitali kubwa ni safari ya kutwa nzima, na nani atabeba tumbo kutwa nzima kutafuta ugonjwa ambao hajaambiwa anao?

Fundi akavaa shati lake la heshima, akaenda ofisini. Subiri Kidogo alikuwa anachora mahali watakapokaa wageni. Hakumwamkia, ingawa kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

"Mwanangu," fundi alisema, "naomba ile mashine imtazame binti yangu mara moja tu. Nguo nitaivua mwenyewe na kuivisha tena. Hakuna atakayejua."

"Mzee, mashine haijazinduliwa. Nikiiwasha leo, mheshimiwa atakuja kuzindua nini?"

"Atazindua mashine inayofanya kazi."

"Wewe shona," alijibu Subiri Kidogo bila kuinua macho. "Hospitali niachie mimi."

Fundi akatoka ameinamisha kichwa. Mnyonge hana haki. Akikohoa huambiwa anapiga kelele. Mheshimiwa naye akaahirisha, akaahirisha tena, kwa kuwa wakubwa wana mambo mengi na mimba ina jambo moja tu, nayo haiahirishwi.

Uchungu ulimshika binti asubuhi moja, kabla ya siku zake kutimia. Fundi alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuzalia, mfuko wa vitu vya mtoto mapajani. Akasikia kilio cha kichanga, akatabasamu. Kisha mlango ukafunguka, mkunga akatokea, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Fundi, una kitambaa safi chochote? Humu vimekwisha."

Akampa ile shuka ya buluu. Mlango ulipokuwa unafungwa aliona. Alikuwa mtoto wa kiume, mzima mikono na miguu, lakini kando ya kitovu palikuwa na tundu, na utumbo wake wote ulikuwa nje, mwekundu, unang'aa kama kitu kisichotakiwa kuonekana na jua. Mkunga akamfunga upesi kwa ile shuka, kwa kuwa alifundishwa mambo mengi lakini hilo hakufundishwa.

Gari la wagonjwa halikuwapo. Lilikuwa limekwenda kuchukua mahema na viti, maana safari hii mheshimiwa alikuwa amethibitisha kuja wiki hiyo. Walipata gari la mboga. Binti alikaa mbele na damu ya uzazi bado mbichi, mtoto kifuani. Fundi nyuma, kati ya magunia ya kabichi, akiomba Mungu kwa kila shimo la barabara.

Walifika jua likizama. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye macho ya kuchoka, alipoifungua ile shuka ilikataa. Ilikuwa imegandamana na utumbo. Aliilowesha kwa maji ya dawa, polepole, akaibandua. Baada ya kufanya aliyoyaweza alimfuata fundi koridoni.

"Mzee, sitakuficha. Utumbo umekauka na mtoto amepoa sana. Wengi wa namna hii huwa nawarudishia tumboni wakapona. Lakini hao hujulikana mapema, mama akaja kujifungulia hapa hapa, mimi nikiwa chumba cha pili."

"Na kule kwetu? Hapakuwa na la kufanya?"

"Palikuwapo. Mfuko safi wa plastiki. Unamtia ndani mpaka kifuani, utumbo unabaki na unyevu, joto halipotei, halafu safari."

"Mfuko tu?"

"Mfuko tu, mzee."

Fundi akaitazama ile shuka ndani ya beseni. Kingo zake alizipinda yeye.

Mtoto alikufa asubuhi, kabla baba yake hajashuka kwenye lori. Binti hakulia mbele za watu. Aliuliza neno moja tu: "Baba, ile mashine ingemwona?"

"Ingemwona, mama," alisema fundi.

Wakaifua ile shuka, wakamzika nayo.

Siku ya uzinduzi Subiri Kidogo alimwita fundi, kwa sababu utepe ulikuwa umelegea. Akaukaza. Mahema yalijaa, hotuba zikamwagika, mheshimiwa akakata utepe na kulivua lile vazi. Kabla ya kulitupa pembeni, akalipapasa.

"Kitambaa kizuri hiki," alisema. "Nani kashona?"

Fundi akasukumwa mbele.

"Kimebaki kidogo? Mama yangu angekipenda."

"Kilibaki kipande, mheshimiwa," fundi alijibu. "Tumekizika."

Waliokuwa nyuma wakadhani ni utani, wakacheka. Mkunga hakucheka, aligeuzia uso ukutani. Subiri Kidogo akaashiria muziki upigwe. Fundi akakunja futi yake, akarudi barazani, akaketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Kutoka pale aliliona dirisha la chumba cha mashine, karibu kiasi cha kulitupia kokoto likafika. Karibu hivyo, na bado mjukuu wake yuko ardhini. Kwani fimbo iliyofungiwa na wenye ufunguo nayo iko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka.