Picha ya Fisi Akiwa Mbioni

Hadithi inabisha hodi.
— Mfungulieni aingie.
Imetoka mbali, imechoka.
— Ikae basi, tuisikilize.

Palikuwa na Pimbi, mpiga picha, mama wa watoto wengi na usingizi mchache. Studio yake ilikuwa majabalini, na nyuma alitundika kitambaa cha maua. Wanyama walikuja, wakasimama wima, wakabana pumzi, wakaambiwa "usitikisike", kacha, wakaenda zao.

Siku moja akaja Fisi. Fisi alikuwa anaposa, na wakwe walikuwa wamesikia kwamba anaishi kwa mabaki ya wenzake. Wakamwambia: tuletee picha ukiwinda, tuzione mbio zako, ndipo tukupe binti.

"Mama Kidawa," akasema Fisi, "nipige nikiwa mbioni. Picha itoke safi, kila unywele uonekane. Ikitoka vibaya, namla mpiga picha."

"Sawa, Bwana Fisi. Kimbia."

Fisi akakimbia, gudu gudu gudu. Pimbi akainua kamera. Fisi alipoiona tu, akasimama, akanyoosha shingo, akabana pumzi, kama wafanyavyo wote pale studio. Kacha.

"Mbona nimekaa kama mlinzi wa benki?"

"Kwa sababu umesimama, bwana."

Akakimbia tena, gudu gudu gudu, safari hii bila kusimama. Pimbi akamfuata na lenzi, akalenga, Fisi keshapita. Kacha.

"Hiki nini? Uji?"

"Ni wewe."

"Mimi sina uso?"

"Uso umetangulia. Kila nikiulenga, nakuta umeshauondoa."

Fisi akacheka, na kicheko cha Fisi hakimfurahishi mtu. "Nimejua kilichopungua. Mwindaji hukimbiza kitu. Mlete Kidawa akimbie mbele yangu."

Kidawa alikuwa binti yake wa mwisho. Pimbi akamtazama mwanawe, akamtazama Fisi anavyodondosha mate. Akaelewa: picha ikitoka safi, Kidawa ameliwa. Ikitoka na ukungu, wameliwa wote wawili. Hakulia. Kulia kungechukua muda, na mwanga ulikuwa unapungua.

Akaenda kwenye jabali moja lenye ufa, akaupima kwa mkono, akarudi.

"Bwana Fisi, kukufukuza na lenzi nimeshindwa. Sasa nitalenga mahali pamoja, pale penye ufa, na lenzi niiache hapohapo. Wewe ndiye utakayeifuata. Kabla ya pale, wewe ni uji. Ukipitiliza, ni uji. Pale penyewe, kila unywele."

"Na Kidawa?"

"Atakimbilia hapohapo. Mdomo wako ukifika ufani, ndiyo picha."

"Mama, una akili wewe."

"Nina kazi nyingi tu," akajibu Pimbi. Kisha akamwinamia mwanawe. "Ingia kwenye ufa, tokea upande wa pili, kaoshe vyombo."

Kidawa akatimka, tiki tiki tiki. Fisi nyuma yake, gudu gudu gudu. Tiki tiki tiki, gudu gudu gudu. Kidawa akafika ufani, chwi, akapotea ndani. Fisi naye, pu! Kichwa ndani, mabega ndani, kiuno nje.

"Mama Kidawa," sauti ikatoka jabalini, "nimekwama."

"Vizuri. Usitikisike."

Kacha.

Pimbi hajawahi kupiga picha safi kama ile. Kila unywele ulionekana, kila kiroboto, na mkia umesimama wima. Akaipeleka mwenyewe kwa wakwe, maana mteja alikuwa na shughuli.

Mama mkwe akaishika, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Ndiye huyu anayewinda?"

"Ndiye. Mawindo yapo mbele yake."

"Mbona hatumwoni uso?"

"Ana haya, mama. Mbele ya wakwe."

Binti akachungulia begani kwa mama yake, akatazama kwa makini, kisha akaenda kurudisha kanga za posa. Fisi alikaa pale ufani mpaka akakonda kiasi cha kuchomoka. Alipochomoka, akakuta picha yake imebandikwa mlangoni kwa Pimbi, kubwa, kuonyesha wateja ubora wa kazi.

Hadithi imekatikia hapo.
— Na funzo je?
Funzo ni hili, watoto: mpiga picha akikwambia usitikisike, tii. Wakubwa hawadanganyi.