Maneno Matatu ya Hondohondo

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmeshiba nini, mbona siwasikii? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, nyikani, Bi Nguchiro aliishi na wanawe ndani ya kichuguu. Juu ya mti wa mgunga alikaa jirani yao, ndege mwenye mdomo mkubwa, Hondohondo. Desturi yao ilikuwa moja: nguchiro wakifukua, panzi huruka, Hondohondo hula. Naye huwalindia anga.

Akisema, "Tai anaelea," waliendelea kula. Akisema, "Tai anazunguka," walisogea karibu na shimo. Akisema, "Tai anajitupa," puruu, wote ndani.

Bi Nguchiro alikuwa na pupa, na mwenye pupa hana sikio. Siku moja akamwambia Hondohondo apunguze domo. Tai ni tai, na "Tai yuko" inatosha. Hondohondo akamwonya kwamba maneno yale ni ndugu, lakini si pacha. Hakusikilizwa. Basi akatii.

"Tai yuko." Puruu, ndani. Kumbe anaelea tu. Wakatoka. "Tai yuko." Puruu, ndani. Kumbe anaelea tu. Siku nzima ikawa ingia toka, ingia toka, na watoto wakalala na njaa.

Kesho yake iliposemwa, "Tai yuko," hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamechoka. Kitindamimba, kipenzi cha mama, hata kichwa hakuinua.

Hondohondo akaona mbawa zinakunjwa. Akavunja amri.

"Anajitupa!"

Puruu! Fyuuu! Kucha zikazoa vumbi tupu pale alipokuwa Kitindamimba.

Bi Nguchiro alitoka shimoni. Akapanda juu ya kichuguu, akatazama anga kama hajapata kuiona. Tai alikuwa amerudi juu, mbawa zimetandazwa, kimya. Kisha akainamisha bawa moja, kidogo tu, kadiri ya unywele. Bi Nguchiro alistaajabu. Katika kidogo kile ndimo ulimokuwa uhai wa mwanawe, na jirani yake alikuwa akikiona siku zote.

"Jirani," alisema kwa sauti ndogo, "nirudishie maneno yako yote matatu."

"Anazunguka," akajibu Hondohondo.

Nao wakasogea karibu na shimo.

Wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: maneno yanayofanana hayako sawa. Tafuta lile lenyewe, kwani ipo siku uhai wa mtu utalitegemea.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa kichuguu. Anayebisha na atazame juu.